Kinywaji Nilichokataa Kukionja

Kigali, Jumapili jioni, msimu wa mvua, 1992

Mvua imeanza kabla ya adhuhuri, na mpaka sasa inapiga mabati ya nyumba zetu hapa Biryogo kama mtu anayemwaga mchele kwenye sinia. Viatu vyangu viko mlangoni, vimejaa udongo wa Ndera. Sijavisafisha. Zaituni, mke wangu, ameniuliza kwa nini sijagusa chakula, nikamwambia tumbo linanisumbua. Uongo mtupu. Tumbo langu ni zima kabisa, kinachonisumbua ni mdomo.

Jana nimeharibu posa ya mtoto wa rafiki yangu.

Nimeona niandike hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka, kwa sababu tangu jana nimekuwa nikijitafutia maneno laini na kila nikilipata moja nalionea haya.

Rafiki yangu anaitwa Venanti. Tulijuana pale hotelini ninapofanya kazi, miaka mingi iliyopita, yeye akiendesha gari la kuleta vyakula, mimi nikiosha glasi. Yeye ni Mkatoliki wa kupiga magoti hasa. Mimi ni Mwislamu wa Biryogo, babu yangu alifika huku kutoka pwani na marobota ya vitambaa, akaoa, akasahau kurudi. Hatukuwa na sababu yoyote ya kupatana, tukapatana tu. Baadaye Venanti aliacha udereva akarudi kwenye migomba yake Ndera, akaanza kukamua urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi. Ukienda kule ukauliza urwagwa nzuri iko wapi, hata watoto watakuonyesha nyumba yake.

Kwenye nyumba hiyo sijawahi kuwa mgeni. Mke wake, Mama Konsolata, akiniona tu ninaingia uani ananiletea maziwa ya mgando kwenye kikombe cha mti. Ananikabidhi na kuendelea na kazi zake. Hakuna anayeyaonja kwanza.

Hilo la kuonja ndilo lililoniponza, kwa hiyo nilieleze. Huku kwetu, mtu akikupa kinywaji ni lazima akinywe yeye kwanza mbele ya macho yako. Wenyewe wanaita gusogongera. Maana yake ni kwamba nimekunywa na niko hai, sasa kunywa na wewe bila wasiwasi. Kama ni chupa, inaletwa na kizibo chake na kufunguliwa mbele yako. Hata pale hotelini, awe mkubwa wa serikali au mkulima aliyeuza kahawa yake, siwezi kufungua bia kaunta halafu nikampelekea. Ataitazama tu.

Watu wanaogopa kurogwa. Sisi wenye Kiswahili tukisema kuroga tunafikiria hirizi na mganga. Mnyarwanda akisema kuroga anafikiria sumu ndani ya kikombe. Na tangu vita vianze kule kaskazini, hofu hiyo imenenepa. Watu waliokuwa wakizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, wakicheka mpaka machozi, siku hizi wanaagiza za chupa na kukaa wameupa ukuta mgongo.

Nyumbani kwa Venanti hofu hiyo haikuwepo, angalau si juu yangu mimi. Ndiyo maana nalia leo.

Sasa kazi yangu. Mimi nachanganya vinywaji. Mzungu mmoja aliyekuwa mkubwa wa baa ndiye aliyenitoa kwenye kuosha glasi, akanifundisha martini, daikiri, negroni, wiski ya ndimu na sukari. Alikuwa mkali, Mungu amrehemu kama amekufa. Alinifundisha kwamba ladha haionekani kwa macho. Ndimu ya leo si ndimu ya jana. Kwa hiyo unachovya mrija kwenye glasi, unaziba tundu la juu kwa kidole, unauinua na tone lake ndani, unaliangusha ulimini. Ukisharidhika ndipo mteja anapewa.

Mimi nilikuwa nalitema kwenye leso. Basi nikajiambia miaka yote hii kwamba huko si kunywa.

Nitafanyaje sasa, nijidanganye hata humu daftarini? Si kila tone lilifika kwenye leso. Daikiri ikinikubali, namaanisha ile siku ndimu na ramu zinaposikilizana na barafu haijazidi, nilikuwa nameza. Astaghfirullah. Namezea kule, kisha narudi nyumbani napiga mswaki kwa nguvu kama ninayesugua sufuria.

Hapa mtaani nimesema napima kwa pua. Baba yake Zaituni, Mzee Juma, fundi cherehani, alinipa binti yake kwa sharti hilo. Aliniambia uza pombe za wazungu kama ndiyo riziki Mungu aliyokuandikia, ila zisiguse mdomo wako. Nikaapa. Na kila watu wanaponisema pale barazani, yeye ndiye anayenitetea. Mkwe wangu huyo hana makuu, ila neno lake hulishika, na anadhani kila mtu yuko hivyo.

Posa ya Konsolata, binti mkubwa wa Venanti, ilipangwa iwe jana. Kijana ni wa Kinyinya, watu wenye nyumba ya matofali na redio kubwa. Venanti alikuwa na vyungu vyake vya urwagwa, na vilitosha. Mimi ndiye niliyejitia ujuaji. Nikamwambia wageni wa mjini hawa, acha niwatengenezee kitu ambacho hawajawahi kukiona. Alisita. Nikambembeleza mpaka akacheka akasema haya, fanya mbwembwe zako.

Na kusema kweli ilikuwa nzuri. Nilichukua urwagwa yake iliyochujwa vizuri, nikaongeza jini kidogo, tangawizi, asali na ndimu nyingi. Nilihangaika nayo wiki nzima, mrija mkononi. Ilipokaa sawa nilijua, maana ilianza na asali ikamalizia na moshi ule wa ndizi zilizoivishwa shimoni. Tukaipa jina la bibi harusi, tukaiita Konsolata. Konsolata mwenyewe alipoambiwa alijificha uso kwa kanga ya mama yake, akasema, "Baba mdogo, watu watasema wamelewa mimi!" Tulicheka sana siku ile.

Jana asubuhi Venanti alinifuata na gari la kuazima, tukapakia dumu la kinywaji na barafu. Kabla ya kukunja kuingia Ndera tukakuta kizuizi. Askari mmoja, kijana tu, macho mekundu, akainama akanusa dumu. Akasema nimimine. Nikamimina kwenye kikombe cha plastiki. Akanitazama.

"Wewe kwanza," akasema.

Nikanywa. Sikufikiria mara mbili. Sikutafuta mrija wala leso, nilikunywa funda zima na kumpa kikombe, naye akanywa, akapiga kelele ya furaha, akatufungulia njia. Venanti aliwasha gari huku akinicheka, akasema leo sheikh amebatizwa. Nami nikacheka.

Uani kwake walikuwa wameshafunga turubai. Wageni upande mmoja, wenyeji upande mwingine, vyungu katikati na mirija imesimama ndani yake. Konsolata alikuwa chumbani, amefunga mushanana, lile vazi la sherehe, anasubiri kuitwa. Na kwenye viti vya wenyeji, karibu kabisa na mimi, alikaa Mzee Juma na fanta yake ya machungwa. Ndiye aliyemshonea Venanti suti, kwa hiyo alialikwa kwa heshima. Nilikuwa najua atakuja. Sikuona tatizo, kwa kuwa jana nilikuwa nimevimba kichwa kama tajiri.

Msemaji wa upande wa kijana alikuwa baba yake mkubwa, Bwana Anastazi. Moyo wangu ulifurahi nilipomwona, maana namfahamu. Ni mteja wangu. Kila Ijumaa yuko kaunta na daikiri yake, anapenda kunitazama ninavyotengeneza, ananitania kwamba mrija wangu unamnywea nusu ya glasi.

Maneno ya posa yalikwenda vizuri, kwa ule utani wa kuzungushana unaojulikana. Kisha Venanti akasimama na suti yake mpya, akasema kuna kinywaji ambacho hakijawahi kunywewa Rwanda, kimetengenezwa na ndugu yake Sudi. Alisema ndugu. Watu wakapiga makofi. Nikamimina glasi ya kwanza, nikampelekea Bwana Anastazi kwa mikono miwili.

Akaipokea, akacheka, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Haya Sudi, onja kwanza, kama kule kazini. Mrija wako uko wapi leo?"

Wakacheka wote. Mzee Juma hakucheka. Aliiondoa chupa ya fanta mdomoni na kunigeukia.

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi, na ilikuwa kubwa tu. Ningeweza kuonja na kuyakabili yatakayokuja. Ningeweza hata kusema, Venanti ni mwenye nyumba, aonje yeye kwa niaba yangu, na pasingekuwa na neno. Wanajua sisi Waislamu hatunywi, hakuna ambaye angeshangaa.

Badala yake nikasema, "Mimi sionji, mzee. Sijawahi kuonja."

"Hujawahi?"

"Wallahi sijawahi."

Nani aliniomba kiapo? Hakuna. Nilikitoa mwenyewe, kwa sauti ya kumfikia mkwe wangu, nikimwapia Bwana Anastazi, mtu ambaye amekaa mbele yangu Ijumaa zote hizo akiniona kwa macho yake nikichovya na kuonja. Jaribu kufikiria ulivyo moyo wa mtu huyo. Anayejulikana kwa kuonja kila glasi amekataa kuonja hii moja tu, na anaapa kwamba hajawahi kuonja hata siku moja, na glasi yenyewe iko mkononi mwako. Mimi ningekuwa yeye ningefikiri alichofikiri.

Alicheka tena, ila kicheko kifupi. Akainama, akaiweka glasi chini ya kiti.

Venanti aliona. Lo, jinsi alivyokuja mbio, mtu mzima yule, na suti yake! Alijimiminia glasi, akainywa yote bila kupumua, akafuta midomo, akafungua mikono mbele ya wageni. "Mnaniona? Niko mzima." Lakini ilishachelewa. Kwenye viti vya wanawake wa upande ule maneno yalikuwa yanapita sikio hadi sikio, na moja nililisikia wazi. Umurozi. Mtu wa sumu.

Baada ya hapo waliomba za chupa. Mama Konsolata alizunguka na kifungulio, akafungua moja moja mbele ya kila mgeni. Vyungu havikuguswa. Mirija ilibaki imesimama vile vile, mikavu. Bwana Anastazi alisimama akashukuru kwa mapokezi, akasema leo walikuja kusalimia tu, mengine yatazungumzwa siku nyingine. Ng'ombe wa mahari hakutajwa.

Konsolata hakuitwa.

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha la chumba chake wakati magari yanaondoka. Nilisikia vikuku vyake vya mikononi vikigongana, alikuwa anavivua. Nikahama.

Mzee Juma alinishika bega tulipokuwa tunarudi mjini. Akasema, "Umesimama imara, mwanangu. Wangine wangeyumba." Sijawahi kusifiwa na sifa ikaniuma namna ile. Nilitazama nje ya dirisha mpaka Biryogo.

Leo asubuhi nimekwenda tena Ndera, kabla mvua haijakaza. Nilipanga maneno njia nzima. Turubai lilikuwa limeshashushwa, na yale majani ya migomba waliyopambia lango yalikuwa yamelala kwenye tope. Kuku walikuwa wakidonoa pale walipokaa wageni. Nilipiga hodi, jambo ambalo sijalifanya kwenye nyumba ile miaka mingi.

Venanti alinikaribisha kiti. Hakuniinulia sauti, laiti angeinua. Alinieleza tu hali ilivyo, taratibu, kama anayemsimulia mpita njia. Kijana amemtuma mtu asubuhi kusema wakubwa zake wanataka kufikiri kwanza. Kuna jirani aliyekuwa ameagiza urwagwa ya ubatizo, amekuja baada ya misa kusema watanunua bia mjini. Mama Konsolata alisalimiwa kanisani na watu wawili watatu tu, kwa haraka.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto iko ndani. Hataki kuona mtu."

Nikaanza kuomba msamaha. Nilisema yote, mkwe wangu, kiapo, woga wangu. Alinisikiliza akitazama mlangoni. Kisha akamwita mke wake, kwa Kinyarwanda, amletee mgeni kinywaji.

Umushyitsi, alisema. Mgeni.

Nilingoja kile kikombe cha mti. Mama Konsolata alitoka na sinia. Juu yake palikuwa na chupa ya fanta, imefungwa, na kifungulio pembeni. Akasimama mbele yangu, akaiinua kidogo ili niione kizibo chake, kama mimi ninavyowafanyia watu nisiowajua kule hotelini. Akaifungua. Gesi ikatoka. Akasema "karibu, Bwana Sudi," yeye ambaye siku zote aliniita shemeji, akarudi jikoni.

Sijui niliwaza nini. Niliichukua ile chupa, nikanywa funda moja, kisha nikamnyooshea Venanti kwa mikono miwili. Gusogongera. Nimekunywa, niko hai, kunywa na wewe. Mikono yangu ilikaa hewani.

Aliitazama chupa. Hakuipokea.

"Kwa askari ulionja, Sudi," akasema.

Ningesema nini? Kwamba yule alikuwa na bunduki na wewe ulikuwa na binti tu? Nilimaliza fanta yote kwa sababu ingekuwa matusi kuiacha. Nikaaga, nikatembea kwenye mvua mpaka barabarani.

Tangu nirudi nimekaa hapa nikijiuliza ni nini hasa nilichokuwa nalinda jana. Dini? Ningelinda dini ningeacha kazi zamani. Nililinda sura yangu kwenye macho ya mzee mmoja, na kwa ajili ya sura hiyo nimemwachia rafiki yangu jina la sumu. Na jina hilo kwa nyakati hizi si jambo la kucheka. Siku hizi mtu akishasemwa, kila ajali ya mtaani anapewa yeye. Homa ya jirani itakuwa yake, ng'ombe wa mtu akifa atakuwa wake. Naogopa, nakiri. Namwogopea Venanti na nyumba yake yote.

Lipo lililobaki kufanywa, na nimelizungusha weee, siwezi tena kulikwepa. Kwenye dumu kimebaki kinywaji cha kutosha. Kesho, kabla ya kazi, nitakwenda kwa Mzee Juma pale kwenye cherehani yake. Nitamwambia ukweli, tone kwa tone, pamoja na yale niliyomeza. Huenda akanifukuza. Huenda Zaituni akarudi kwao, na sitakuwa na ulimi wa kumzuia. Lakini kama atabaki na chembe ya huruma nitamwomba kitu kimoja, twende naye Kinyinya, akae karibu nami vile vile kama alivyokaa jana, anitazame. Kwa sababu nilikataa mbele ya macho yake, na nikionja akiwa hayupo itakuwa uongo mwingine tu.

Nitaimimina ile Konsolata ya dumuni mbele ya Bwana Anastazi na ndugu zake, wake zao na watoto wao. Nitainywa glasi nzima, bila mrija. Halafu nitakaa palepale, niongee, nicheke kama nitaweza, mpaka waone kwamba sifi.

Mvua imepungua. Zaituni anatandika kitanda, ananiita. Sijui nitamwambia usiku huu au nimwache alale.

Nitabisha lango la Kinyinya na dumu mkononi. Watanifungulia mlango, au watanifungulia chupa, kama alivyofanya Mama Konsolata?